Dakika 90 za Roki ya Waingereza, na Freddie Kabaki Nje

Mpwa wangu anajifunza gitaa. Mwezi uliopita alinipigia simu: "Shikamoo mjomba. Hebu nikusanyie nyimbo za roki za Waingereza, toka mwanzo mpaka leo, nizisikilize kwenye daladala." Nikaitikia marahaba, nikakubali papo hapo kama mtu aliyeombwa chumvi. Kazi imenila majuma matatu. Nimegombana na watu wawili, na mmoja wao ni dada yangu, mama yake huyo huyo aliyeniomba.

Ugomvi umeletwa na masharti yangu. La kwanza: dakika 90, 45 kila upande, hata kama hakuna kanda wala upande. Simu ya kijana inabeba nyimbo elfu na zaidi, najua. Lakini mimi nimekulia kwenye kanda ya tisini, ile ukiirudisha nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri, na siku redio ikiamua kuitafuna unakaa chini kuinyoosha kama mtu anayesuka ukili. Kanda ilikulazimisha kuchagua. Ukitaka kumwingiza huyu, sharti umtoe yule.

Sharti la pili ndilo lililoleta balaa. Nilisema sitafuti nyimbo bora, kwa sababu orodha za nyimbo bora zimejaa kila mahali na zote zinafanana. Niliuliza kila wimbo swali moja: ulizaa nini? Wenye watoto uingie. Usio na mtoto ubaki nje, hata kama dunia nzima inauimba. Dada aliposikia akaniuliza, "Wewe umekuwa mkunga lini?"

Wa kwanza kuingia ni Lonnie Donegan, "Rock Island Line". Ulirekodiwa London 1954, ukawa kibao 1956. Mpwa wangu atacheka, maana unaanza kwa maneno maneno, halafu unashika kasi kama treni mpaka mwimbaji anakaribia kuishiwa pumzi. Wimbo si wa Waingereza hata kidogo. Wafungwa weusi wa Arkansas walirekodiwa wakiuimba mwaka 1934, na mwimbaji Lead Belly ndiye aliyeutembeza. Ila sikiliza vyombo: gitaa, besi, na ubao wa kufulia nguo unaokwaruzwa. Vijana wa Uingereza walioishi kwenye nchi iliyotoka kwenye vita, mfukoni hamna kitu, waliusikia wakaona kumbe inawezekana. Ubao wa kufulia uko kwa mama. Besi wakaitengeneza kwa sanduku tupu la chai, mpini wa ufagio na kamba. Mtindo huo uliitwa skiffle, ukaenea nchi nzima. Huko Liverpool, John Lennon akaunda kikundi chake cha skiffle akiwa mwanafunzi, na Julai 6, 1957, kwenye sherehe ya kanisa mtaa wa Woolton, akakutanishwa na Paul McCartney, mwenzake wa baadaye katika The Beatles. Jimmy Page, mpiga gitaa wa Led Zeppelin ya baadaye, kabla ya kuwa Jimmy Page, alionekana kwenye televisheni ya BBC akiwa mtoto mwenye gitaa kubwa kuliko kifua chake, akipiga skiffle hiyo hiyo. Kwa rekodi ile Donegan alilipwa ujira wa siku, bila mrabaha. Wimbo mmoja tu, na tayari una wajukuu.

Wa pili ni "Move It" wa Cliff Richard, 1958. Huu niliuweka kwa furaha kwa sababu Ian Samwell aliutunga ndani ya basi akienda mazoezini, na mpwa wangu atausikiliza ndani ya basi. Mwanzoni uliwekwa upande wa pili wa santuri, nyuma ya wimbo mwingine ambao leo hakuna anayeukumbuka. Hapa ndipo Waingereza walipoacha kunakili wakaanza kuandika cha kwao.

Kisha Johnny Kidd na wenzake, "Shakin' All Over", 1960. Sina mengi ya kusema. Msikilize mpiga gitaa.

Mwaka 1964 ulinitesa. Peke yake ungeweza kujaza kanda. Nilimtoa nje The Animals na "The House of the Rising Sun", uamuzi unaoniuma mpaka leo, nikamwingiza The Kinks, "You Really Got Me". Sababu ni wembe. Dave Davies, kijana wa miaka 17, alichukua wembe akaipasua spika ya kikuza sauti chake kidogo, na gitaa likatoka na sauti iliyochanika, yenye mikwaruzo, kama mtu aliyekesha akipiga kelele uwanjani. Wahandisi wa sauti wa enzi hizo walilipwa ili kuiondoa sauti ya namna hiyo. Yeye aliitafuta. Kila gitaa zito lililokuja baadaye lina damu ya spika ile. (Usijaribu kwenye spika ya baba yako. Siku hizi kuna kifaa cha kukanyaga kwa mguu, kazi ni hiyo hiyo.)

The Beatles wamepata wimbo mmoja. Mmoja, na rafiki yangu mmoja hanisemeshi. Wala sikuchukua ule anaoujua kila mtu. Nilichukua "Tomorrow Never Knows" wa 1966, ambao karibu wote umesimama juu ya "chord" moja tu, yaani noti zile zile zinazopigwa pamoja, ngoma inajirudia, na sauti ya Lennon imepitishwa kwenye spika inayozunguka. Zile sauti zinazolia kama ndege wa baharini ni vipande vya kanda vilivyounganishwa ncha kwa ncha vikawa pete, vikazungushwa kwenye mashine kadhaa kwa mpigo. McCartney alivitengeneza nyumbani, akaja navyo studio. Tangu siku hiyo studio yenyewe ikawa chombo cha muziki. Sisi tuliozoea kuunga kanda iliyokatika kwa gundi ya karatasi tungepaswa kuuelewa wimbo huu kuliko watu wote duniani.

Rolling Stones nimewapa "Little Red Rooster", na hapa nataka kutulia kidogo. Wimbo umetungwa na Willie Dixon wa Chicago, na Desemba 1964 ulifika namba moja Uingereza: bluzi halisi, ya polepole, kwenye kilele cha chati ya nchi ya mvua. Mick Jagger na Keith Richards walijuana utotoni, wakapotezana, wakakutana tena Oktoba 1961 kwenye kituo cha treni cha Dartford. Kilichowarudisha pamoja ni santuri alizobeba Jagger kwapani, za Chuck Berry na Muddy Waters. Hadithi hii kwetu si ngeni. Santuri za Kikuba, zile za mfululizo ulioitwa GV, zilifika Kongo tangu miaka ya 1930, vijana wakazisikiliza, rumba ikazaliwa upya, ikatufikia mpaka huku pwani ikawa dansi letu. Bahari haiulizi hatimiliki.

Ila deni ni deni. Led Zeppelin, ambao wamo kwenye kanda kwa "Whole Lotta Love" ya 1969, walichukua maneno kutoka wimbo mwingine wa Dixon aliouimba Muddy Waters. Dixon alifungua kesi 1985, wakamalizana nje ya mahakama, na sasa jina lake limeandikwa miongoni mwa watunzi. Nimemwandikia mpwa wangu ujumbe: ukiupenda huu, mtafute Muddy Waters kabla hujalala. Ukimpata, tafuta pia filamu ya Sister Rosetta Tharpe akipiga gitaa mwaka 1964 kwenye kituo cha treni kilichofungwa huko Manchester, mvua ikinyesha, mwanamke mzima ndani ya koti zuri, na vijana wa Kiingereza wamekaa ng'ambo ya reli midomo wazi. Hawezi kuingia kwenye kanda ya Waingereza. Lakini mwalimu asipotajwa ni utovu wa adabu.

Mtauliza Jimi Hendrix anafanya nini humu wakati ni Mmarekani. Alishuka London Septemba 1966, wakamtafutia mpiga besi na mpiga ngoma wa Kiingereza, na kibao chake cha kwanza kilivuma huko huko. Kwangu anahesabika. Thin Lizzy wa Dublin nimewaacha kwa sababu Dublin si Uingereza. Ndiyo, nimejipinga. Kanda yangu.

Upande wa kwanza unafungwa na Black Sabbath, wimbo wenye jina lao, 1970, zaidi ya dakika sita. Tony Iommi, mpiga gitaa wao, alikuwa fundi kwenye kiwanda cha mabati Birmingham. Siku yake ya mwisho kazini, akiwa na miaka 17, alirudi nyumbani mchana akiwa hataki tena kwenda. Mama yake akamwambia amalize siku kama watu. Mchana huo mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye hupiga kwa shoto, kwa hiyo ndivyo vidole vya kubania nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyepesi, na miaka iliyofuata akazilegeza zaidi ili zisimuumize. Sauti ya gitaa ikashuka chini, ikawa nzito. Muziki wote wa metali (heavy metal) duniani umetokana na mkono ulioumia.

Upande wa pili unaanza na David Bowie, "Starman", 1972. Nilishawishika kumweka "African Night Flight" ya 1979, ambayo aliitunga baada ya safari ya Kenya na ndani yake mna "habari" na asante ya kubabaisha, lakini tuseme ukweli, ungekuwa upendeleo wa lugha tu.

Halafu panki (punk). Kwetu neno limebaki kwa kinyozi, mtu ananyoa panki bila kujua kwamba nyuma yake kuna muziki. Hapa hesabu yangu ya uzazi inatoa majibu ya ajabu kabisa. Juni 4, 1976, Sex Pistols walipiga kwenye ukumbi mdogo Manchester mbele ya watu wachache, wasiojaza hata basi moja kubwa. Waliowaalika walikuwa vijana waliokuwa wakiunda Buzzcocks. Kwenye viti walikuwemo Peter Hook na Bernard Sumner. Kesho yake Hook akaenda kununua besi, na wawili hao ndio waliokuja kuwa nusu ya Joy Division. Alikuwemo pia Morrissey, wa The Smiths ya baadaye. Kwa hiyo wamo Pistols, wamo Joy Division na "Love Will Tear Us Apart", wamo The Smiths na "How Soon Is Now?", nyimbo tatu zisizofanana hata chembe, na ukunga wote ni wa usiku mmoja.

X-Ray Spex wamo kwa "Oh Bondage Up Yours!" ya 1977. Mwimbaji wao, Poly Styrene, baba yake alikuwa Msomali, na meno yake yalifungwa waya bila yeye kujali. The Clash wamo kwa "Police and Thieves", rege ya Junior Murvin iliyopigwa na Wazungu bila kujifanya Wajamaika. Wakafungua njia kwa The Specials wa Coventry, weusi na weupe jukwaa moja, ambao "Ghost Town" yao ilikuwa namba moja Julai 1981 wakati miji ya Uingereza inawaka moto wa ghasia. Ukiniuliza wimbo mmoja wa kuokoa humu, ni huo.

Miaka ya 90 nimepita haraka. Vita vya mauzo vya bendi za Blur na Oasis vya Agosti 1995, santuri 274,000 kwa 216,000, viliuza magazeti sana. Nyimbo mbili zilizopigana zote ni dhaifu na zote ziko nje. "Common People" ya Pulp imo. Radiohead wamo kwa "Paranoid Android". Wa mwisho ni Arctic Monkeys, 2005, vijana wa Sheffield waliosambazwa na mashabiki kwenye intaneti kabla redio haijawajua.

Dada alipoiona orodha alianza kwa kuhesabu wanawake. Wawili: Poly Styrene, na Kate Bush ambaye sijamtaja hapo juu. Sikuwa na la kujibu, na bado sina. Kisha akauliza, "Na Freddie?"

Yaani Freddie Mercury wa kundi la Queen, jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Septemba 5, 1946. Tangu 2019 ana makumbusho yake Shangani, na dada yangu akipita pale hutembea kama amealikwa. Mcheza kwao hutunzwa, akaniambia, na wewe unamfungia mlango? Nikamweleza: "Bohemian Rhapsody" ni mlima, ni dakika 5 na sekunde 55 zilizokaa namba moja majuma tisa, walirudia sauti juu ya sauti mpaka, kama Brian May, mpiga gitaa wa Queen, alivyosimulia, mkanda ukachakaa ukawa unapitisha mwanga. Ila nani aliufuata? Nani mwingine aliyeimba opera katikati ya roki, akasema Bismillah, akarudi salama? Hakuna. Umesimama peke yake. Akanijibu kwamba filamu fupi waliyoipiga kwa ajili ya wimbo ule ndiyo iliyowafundisha watu wote kutengeneza video. Hoja nzuri. Nikasema video si wimbo. Akakata simu.

Nilipojumlisha dakika za upande wa pili, zilibaki tatu na ushei. "Bohemian Rhapsody" hauingii hata kwa kusukumwa. "Killer Queen" wa 1974 ni dakika tatu. Nimeuweka pale mwisho, baada ya Arctic Monkeys, nje ya mpangilio wa miaka, na sijamwambia dada. Mpwa wangu tayari amenitumia ujumbe: ameruka nyimbo 11 za kwanza.