RVD, Koch na mafumbo ya wodini

Katika wodi nyingi za hospitali za serikali Afrika Mashariki, kitanda na kitanda havitenganishwi na kitu. Raundi ya asubuhi ikipita, hali ya mgonjwa husomwa kwa sauti mbele ya wauguzi, wanafunzi na, watake wasitake, mgonjwa wa jirani na shangazi yake aliyeleta uji. Ndipo husikika "RVD", yaani maambukizi ya VVU, au "Koch", yaani kifua kikuu, kwa jina la Mjerumani aliyegundua bakteria wake mwaka 1882.

Wanaotetea mafumbo haya wana hoja nzito. Sheria za UKIMWI za Kenya (2006) na Tanzania (2008) zinataka siri ya mgonjwa ilindwe, lakini sheria haitundiki pazia wodini. Herufi tatu ndizo pazia lililopo.

Ila pazia hilo huchakaa upesi. Miaka ya 1980 watu wa Kagera waliuita UKIMWI "Juliana", jina la kitambaa kilichovuma wakati huo. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, ukaitwa "slim" kwa jinsi ulivyokondesha, na mwaka 1985 jina hilo likafika hadi kwenye jarida la Lancet. Leo, Tanzania, ukisema fulani kaonekana CTC, kliniki ya wenye VVU, mtaa umeshaelewa. RVD nayo siku zake zinahesabika.

Kinachonikera zaidi ni kwamba fumbo linaweza kumficha hata mwenye ugonjwa. Anasikia herufi, anaitikia kwa kichwa kwa heshima ya daktari, anapewa dawa na kurudi kwake hajui anaumwa nini. Siri ni yake, halafu yeye ndiye wa mwisho kuijua!

Mafumbo ya dhihaka ni habari nyingine. Madaktari wa Marekani walikuwa na "gomer", kifupi cha "toka kwenye chumba changu cha dharura", kwa mzee anayeletwa hospitali kila mara. Husemwa kwamba utani huo huwapunguzia madaktari machungu ya kazi. Sikatai, zamu ya usiku kucha humaliza huruma. Basi wataniane wenyewe kwa wenyewe.

RVD ningeiacha iendelee, kwa sharti moja: kabla ya raundi, mgonjwa aitwe faragha, aelezwe kwa Kiswahili cha kawaida ana nini, aulizwe na nani mwingine aambiwe. Baada ya hapo wasome herufi zao kwa sauti wanayotaka.