Anzeni na Yule Mchungaji

Jumapili nilikuwa nafua nguo huku nikisikiliza podikasti ya mauaji ambayo watu wananitumia tangu mwezi jana. Safari hii ilikuwa kisa cha Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje wa Kenya aliyeuawa 1990. Msimulizi akatufikisha kilima cha Got Alila, akaeleza mwili ulioungua, akaeleza risasi ya kichwani, halafu muziki ukapanda na tangazo la mikopo ya simu likaingia. Tuliporudi, yeye na mwenzake wakacheka kidogo, kisha wakatuomba wasikilizaji tuandike tunadhani muuaji ni nani. Nilizima simu mikono ikiwa na povu.

Nataka visa hivi visimuliwe, tena kwa sauti. Kinachoniuma ni kusimuliwa kama vitendawili. Mwanasiasa Pio Gama Pinto 1965, mbunge JM Kariuki 1975, Ouko 1990, Padre John Kaiser wa Marekani 2000, Chris Msando wa tume ya uchaguzi 2017: kila jina linawekewa giza, nyayo, mlango unaolia, na orodha ya washukiwa tuchague. Kitendawili kina jibu moja, na anayeshindwa kulitaja anatoa mji. Mauaji haya yana watu walioketi mezani mchana kweupe, wakashika kalamu, wakaandika uongo.

Chukua kisa cha Julie Ward, yule Mwingereza aliyeuawa Maasai Mara Septemba 1988. Daktari aliyechunguza mabaki yake aliandika kwamba yamekatwa. Ripoti ikabadilishwa, ikasomeka kana kwamba ni wanyama waliorarua. Maneno machache tu kwenye karatasi, na simba akawa mshukiwa. Miaka 13 kabla ya hapo, JM Kariuki alitoweka tarehe 2 Machi. Mwili wake ukalala mochari ya City kama wa mtu asiyejulikana, huku wananchi wakiambiwa yuko Zambia. Kuna mtu alipokea mwili ule mlangoni. Kuna mtu alijaza fomu. Kuna aliyeamua neno Zambia litamkwe. Kwa Ouko, mwanapatholojia wa serikali akaleta habari ya kujiua, na tume ya Jaji Gicheru iliyokuwa ikisikiliza ushahidi ikavunjwa na Rais Moi Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi.

Hayo ndiyo ningesikiliza saa nzima bila muziki. Nani aliandika, nani alitia sahihi, nani alibeba bahasha kutoka ofisi hii hadi ile, na nani aliona akanyamaza kwa sababu ana watoto shuleni. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida wenye mishahara ya kawaida. Ukiniambia muuaji ni kivuli chenye bastola, unaniondolea jukumu la kuwaza juu ya karani.

Na kuna wachungaji wa mifugo. JM aliokotwa Ngong na mchungaji wa Kimaasai. Ouko naye, wa kwanza kusema alimwona ni mvulana aliyekuwa akichunga karibu na kilima: alieleza kwamba aliuona mwili tarehe 13 Februari. Polisi walitangaza kuupata tarehe 16. Siku tatu! Podikasti ile ilimpa mvulana huyo sentensi moja, kisha ikakimbilia ikulu. Mimi ningekaa naye. Ningetaka kujua inakuwaje mtoto anayefuata ng'ombe azijue habari za waziri kabla ya serikali nzima, na siku tatu zile zilikuwa na kazi gani.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba vipindi hivi vimefanya lililotushinda sisi wakubwa. Mpwa wangu amezaliwa 2004, na jina la Pinto alilijua kwa simu yake. Shuleni halikutajwa. Basi, hilo nawapa.

Lakini mchezo wa kutaja muuaji una watu wanaoulipia. Kisilu Mutua alifungwa kwa mauaji ya Pinto akiwa kijana, akatoka 2001 akiwa mzee. Zaidi ya miaka 35 ndani, akisema hakumuua. Nchi ilitaka jina, ikapewa jina.

Hata kijijini kwetu tuliutaka mchezo huo. Nilikuwa darasa la saba mwalimu wetu wa hesabu alipouawa njiani akirudi nyumbani. Hakuna aliyeshtakiwa. Ndani ya wiki moja hadithi ilikuwa imeshamchagua mtu: jirani waliyekuwa wamegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Hakuna aliyemwona kokote usiku ule. Watoto tulikuwa tukivuka barabara tukimwona. Mwishowe alihama, na kuhama kwake kukahesabiwa kuwa ushahidi. Nami nilivuka barabara ile, mara nyingi, na sijawahi kumwomba msamaha kwa sababu sijui alikokwenda.

Ndiyo maana naipenda sana kesi ya Padre Kaiser, kama kesi ya mauaji inaweza kupendwa. Wapelelezi wa Marekani, FBI, walielekea kusema alijiua. Kisha uchunguzi wa kifo ukafanyika mahakamani, shahidi mmoja mmoja, kazi ya kuchosha isiyo na muziki, na mwaka 2007 hakimu akaamua kwamba aliuawa na watu wengine. Mkono wa sheria haukumfikia muuaji. Lakini uongo mmoja uliondolewa rasmi, kwa maandishi, na mtu yeyote anayetaka kusimulia ana mahali pa kuanzia.

Mama wa mwalimu wetu bado yuko hai. Desemba nilipomtembelea alinionyesha namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, aliyopewa kituoni asubuhi ile, imeandikwa kwa biro nyekundu kwenye kipande cha karatasi ya daftari, na anaiweka ndani ya Biblia. Aliniambia hakuna aliyewahi kumwomba aione. Nimeinakili. Jumatatu nakwenda kituoni kuuliza faili liko wapi.