Sauti ipo, picha hakuna

Chini ya risiti yangu kuna muhuri wa buluu, umepigwa kwa haraka hata ukapinda, unaosema mali ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Maneno hayo nimeyaona tangu utotoni, kwa wauza viatu, kwa wauza nguo, hata kwa yule mzee aliyetuuzia betri za redio, na miaka yote nimeyapita macho kama mtu anavyopita "karibu tena". Siku TV yangu ya inchi 75 iliponizimikia sebuleni, miezi mitatu baada ya kuinunua, ndipo nilipoyasoma kwa kutulia. Nikajiuliza mwenye duka amepewa na nani kazi ya kutunga sheria.

Lakini nianze na ujinga wangu mwenyewe. Nyumbani kulikuwa na TV ya inchi 43, nzima, haina deni na mtu. Novemba, ile wiki ya Black Friday, niliingia duka moja la vifaa vya stima hapa Mombasa mjini kununua waya wa kurefusha, basi. Mlangoni nikakutana na hilo jitu limewashwa, twiga anakunywa maji, na karatasi juu yake: 134,995 imekatwa kwa wino mwekundu, chini yake 84,995. Kijana wa duka hakunisukuma hata kidogo. Alisema tu, "Bosi wangu, zimebaki mbili," akaondoka zake. Huyo kijana anaijua kazi yake.

Watu hudhani kutoka inchi 43 hadi 75 ni kuongeza kidogo. Inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe, kwa hivyo eneo la kioo linakuwa mara tatu. Upana wake ni kama sentimita 166, na mimi mwenyewe sifiki mbali zaidi ya hapo nikisimama. Tuktuk ya kwanza ilikataa, ya pili ikacheka. Ikaja kwa mkokoteni, imesimamishwa wima na vijana wawili wameishika kama maiti ya mtu mkubwa, kwa sababu TV ya ukubwa huo ukiilaza kioo kinaweza kupasuka kwa uzito wake chenyewe njia ikiwa na mashimo. Ngazi za Mji wa Kale nazo zilijengwa kwa ajili ya watu wembamba. Boksi likagoma kwenye kona ya kwanza. Tukaitoa TV pale chini, ikapanda uchi hadi ghorofa ya pili, na boksi akaliomba mama anayeuza mahamri hapo mlangoni, akinge jua. Likumbuke hilo boksi.

Februari, Jumanne, katikati ya taarifa ya habari ya saa moja, picha ikapotea. Msomaji habari akaendelea kusoma gizani kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilizima, nikawasha, nikachomoa, nikapiga mgongo wa TV kidogo kama tulivyofundishwa na wazazi wetu. Sauti ipo, picha hakuna.

Fundi alikuja kesho yake na hakubeba hata bisibisi. "Mwalimu, zima taa zote, funga na dirisha." Akawasha tochi ya simu, akaibandika kwenye kioo na kuisogeza taratibu, na ndani ya kile kiduara cha mwanga tukaona picha: kichwa cha mtu, tai, herufi zinazopita chini. Yote yalikuwapo, hafifu kama mtu unayemwona kwenye maji machafu. "Kioo kizima. Zilizokufa ni taa za nyuma," akasema. TV za namna hii kioo chake hakijitoi mwanga. Nyuma yake kuna mistari ya taa ndogo za LED zilizofungwa kwa mfululizo, moja ikifa inaweza kuzizima wenzake. Akaniuliza kama niliwahi kupunguza mwangaza tangu niinunue. Sikuwahi. Wengi wetu hatupunguzi, tunaiacha ilivyokuwa ikiwaka dukani kuvutia wapita njia, na taa zinachemka usiku na mchana.

Nilimwomba aifungue. Akakataa, na kukataa kwake ndiko kulikoniokoa. Kwanza, kutoa kioo cha inchi 75 si kazi ya mtu mmoja, ni chembamba na ukikikunja kidogo tu umekwisha. Pili, akanionyesha kile kibandiko mgongoni, kinachochanika TV ikifunguliwa. "Nikikigusa hiki, dukani watasema niliyeua ni mimi." Sikumlipa zaidi ya nauli, naye hakudai. Nilianza kuzunguka.

Siku ya kwanza dukani niliambiwa vitu vya ofa havina waranti. Nilikuwa na kadi ya waranti ya miezi 12 mkononi, imegongwa muhuri wao wenyewe. Dada wa kaunta akaitazama, akasema, "Pole mzee, hii ni ya kampuni, si yetu. Utaipeleka kwao Nairobi." TV ya sentimita 166, Nairobi. Siku ya pili nikaambiwa ni stima, stima ya Mombasa inaua vitu. Siku ya tatu likaulizwa boksi. Nilipopita kwa mama mahamri kuliangalia lilikuwa limekolea mafuta upande mmoja, na upande wa pili limetobolewa kupitishia kamba.

Hapo ndipo rafiki zangu barazani walipoanza kunituliza, na utulizaji wao ndio uliniudhi zaidi ya duka. "Rahisi ghali, ndugu yangu." "Ulitarajia nini kwa elfu themanini na tano?" Nilitarajia TV. Bei ilipunguzwa na mwenye duka kwa hiari yake, kwa hesabu zake: mtindo wa mwaka ule unakwisha, mizigo mipya inakuja, ghala limejaa, na dude kama lile linakula nafasi ya mashine tatu za kufua. Hakuna mahali tulipokubaliana kwamba zile elfu 50 alizozikata zilikuwa malipo ya mimi kunyamaza ikiharibika. Kama TV ilikuwa na kasoro na ndiyo sababu ya punguzo, iandikwe hivyo kwenye karatasi ile ile yenye wino mwekundu, kwa herufi za ukubwa ule ule, kabla sijatoa pesa.

Na sheria, nilipoitafuta, inafikiri hivyo hivyo. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaostahili, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012, katika kifungu cha 5, inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi bidhaa yake ina ubora unaofaa kuuzwa, hata kama hakufungua mdomo. Na maneno yoyote ya kuifuta ahadi hiyo, yawe ya risiti, ya ukutani au ya muhuri wa buluu uliopinda, ni batili. Sheria kongwe ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, nayo inadai ubora kwa muuzaji ambaye biashara yake ndiyo hiyo. Anayeuza TV kila siku hawezi kusema hajui TV.

Kumbe kadi ya waranti ni nyongeza. Mtengenezaji anakuahidi la kwake, kwa masharti yake, na ni vizuri. Lakini haki ya msingi iko kati yako na yule aliyepokea pesa zako. Kwa hivyo lile la "peleka Nairobi" ni duka kujivua mzigo wake na kukuvika wewe. Na ndiyo sababu TV anayokuletea binamu kutoka Dubai, hata kama ni nusu ya bei, haina wa kumshika ikizima: waranti nyingi zinahesabu eneo iliponunuliwa, na muuzaji yuko huko huko Dubai.

Nisije nikaonekana nadai kila kitu. Ukinunua TV iliyokuwa ya maonyesho, imewaka dukani kutwa kwa miezi, ukaambiwa na ukaona mkwaruzo kwenye fremu, mkwaruzo huo ni wako; sheria haikubebi kwa kasoro uliyoikagua au uliyopaswa kuiona. Kioo kikipasuliwa na mpira wa mtoto, ni wewe na mtoto. Na stima kweli inaua. Mimi nilikuwa na kile kidude cha kulinda TV, cha shilingi mia kadhaa, na nilikibeba hadi dukani kama shahidi. Hata hivyo stima iliyopanda ghafla kwa kawaida huanza na sakiti ya umeme, na yangu ilikuwa ikiongea kama redio.

Ninachowaonea wivu wenzetu ni kitu kimoja tu. Shemeji yangu anaishi Leicester, Uingereza, na kule, chini ya sheria yao ya 2015, kitu kikiharibika ndani ya miezi sita huchukuliwa kwamba kasoro ilikuwapo tangu mwanzo, na ni juu ya muuzaji kuthibitisha vingine. Huku kwetu anayedai ndiye anayebeba mzigo wa ushahidi. Ukiwa na TV iliyozima na maneno matupu, kijana wa kaunta aliyepumzika vizuri atakushinda kila asubuhi.

Basi nikaacha kuzungumza na kaunta. Usiku nilirekodi video ya dakika moja na nusu: tochi, kioo, kichwa cha msomaji habari, kibandiko cha mgongoni hakijaguswa, namba ya TV inasomeka. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja kwa meneja, Kiswahili kilichonyooka, sikutukana. Nilitaja tarehe ya kununua, ujumbe wa M-Pesa, tarehe ya kuharibika, siku tatu nilizokwenda na majibu matatu niliyopewa, kila moja likimkana mwenzake. Nikanukuu kifungu cha 5. Nikampa siku 14 atengeneze, abadilishe au arudishe pesa, baada ya hapo tukutane kwenye Mahakama ya Madai Madogo. Hiyo iliwekwa na sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Nakala nikasema itakwenda kwa Mamlaka ya Ushindani, chombo cha serikali kinachosimamia ushindani wa kibiashara na kulinda wanunuzi, kwa sababu kumdanganya mnunuzi kuhusu waranti yake ni kosa kwenye sheria yao pia. Nikamwomba yule dada wa kaunta anisainie kwamba amepokea. Akasita, akaniangalia, akasaini.

Siku ya tisa meneja akanipigia mwenyewe. Ni mtu mpole, wala sina kinyongo naye. Nadhani kaunta haikuwa imewahi kumwambia habari zangu. Alisema taa za aina ile hazipatikani nchini kwa sasa, kwa hivyo watanibadilishia. Sikumuuliza lile boksi limekwenda wapi katika mazungumzo yao. Hakuna kifungu hata kimoja nilichokisoma kinachosema haki ya mtu imefungwa ndani ya katoni, na yeye nadhani alilijua hilo muda wote.

TV mpya ilikuja Alhamisi, kwa gari lao safari hii, na ilipofika kwenye kona ya ngazi ikafanya kama mwenzake. Tuliitoa, tukaipandisha. Mama mahamri alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kiuno, analitazama boksi jipya, safi, halina tone la mafuta. Nikamwambia, "Samahani sana, mama, hili siwezi." Tulilikunja kwa magoti, mimi na mtoto wa dada yangu, likapita. Liko nyuma ya kabati la chumba cha kulala, linazuia mlango mmoja wa kabati usifunguke vizuri. Mke wangu ameshauliza mara mbili litaondoka lini. Nimemwambia Novemba.