Kabla ya kumwita mvivu, soma kosa lake

Kuna makala inayosema wanaofeli hesabu ni wavivu. Sikubaliani kabisa. Mpe mwanafunzi anayesuasua 503 − 278, mara nyingi ataandika 375. Hajabahatisha: kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, 8 − 3, 7 − 0, 5 − 2. Ana kanuni, ila ni potofu, na kumrundikia maswali 20 zaidi kunaikomaza tu. Mwache kwanza aeleze alivyofanya. Kisha rudi kwenye 53 − 28 kwa vijiti: mafungu 5 ya kumi na vijiti 3. Afungue fungu moja, abaki na mafungu 4 na vijiti 13. Hapo 8 inatoka bila shida. Sifuri ya katikati, kama ya 503, ije baadaye, maana inadai kufungua mara mbili: 503 inakuwa mamia 4, makumi 9, mamoja 13.