Fundi akichemsha, nani alipe injini?

Nilikaa mapokezi ya sevisi kwenye kampuni moja ya magari hapa Dar miaka kama minne hivi, na ugomvi niliouona mara nyingi kuliko wote ni wa gari kuharibikia mikononi mwetu afu kila mtu anamwangalia mwenzie nani atoe hela.

Mteja tumuweke pembeni, lake jepesi. Gari kaliacha kwa kampuni, risiti ya kampuni, fundi wala hamjui, kwahiyo kampuni ndo imlipe, hizo habari za "subiri kwanza tuongee na fundi" ni uhuni tu. Labda kama taa nyekundu ya oili iliwaka na yeye akaendelea kukanyaga mafuta mpaka nyumbani, hapo na yeye ana kipande chake.

Kasheshe iko ndani, kati ya bosi na fundi. Kuna kijana alimwaga oili, akabadilisha filta, nati ya sampo (ile ya chini ya injini inayozuia oili isimwagike) akaishikiza kwa vidole mizunguko miwili mitatu, kabla hajachukua spana foremani akamwita akasogeze gari lingine lililoziba njia, kurudi anakuta mwenzie keshashusha lifti, akamimina oili mpya, akapiga tiki kwenye jobu kadi. Gari lilifika Kibamba, nati ikachomoka, oili ikamwagika, injini ikanoki. Sasa hapo kosa la nani? Tiki ni yake, sikatai. Ila aliyemwita katikati ya kazi ni foremani, aliyeshusha lifti ni mwingine, na yule wa kukagua gari kabla halijatoka siku hiyo alikuwa anashika spana kama wengine maana tulishapokea magari kuliko uwezo wetu. Na aliyesema tuyapokee ni bosi.

Bosi naye tusimfanye shetani. Bima yenyewe kuna kiasi lazima utoe mwenyewe kwanza, na kuna mafundi kweli wanafunga nati simu iko begani, leo kasahau kifuniko cha oili kesho kaacha nati za tairi hazijakazwa, mtu kama huyo asipoguswa mfukoni utamfanyaje? Umfukuze? Wengi wangechagua kukatwa.

Na sheria inaruhusu kukata, ila sio kiholela kama mabosi wengi wanavyofanya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inataka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la huyo mfanyakazi, umwandikie sababu na hesabu yake, umpe nafasi ya kupinga, mwenyewe akubali kwa maandishi kukatwa, usidai zaidi ya hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kenya wamebana zaidi, sheria yao ya ajira ya 2007 inaongelea uharibifu wa makusudi, kwahiyo kusahau nati sidhani kama kunaingia hapo. Mi nipo upande wa Wakenya kwa hili, japo nilipokuwa mapokezi natukanwa na wateja nilikuwa nasema wakatwe tu wote.

Kilichonibadilisha ni hesabu. Tuseme fundi analipwa laki 6 na injini used ni milioni 4. Robo ya laki 6 ni laki na nusu, ukigawanya ni miezi 27! Miaka miwili na zaidi mtu anafanyia kazi injini ya mtu mwingine, wakati ile sevisi ilipoenda vizuri faida ilikuwa ya kampuni peke yake, hakuna siku alipewa robo yake.

Halafu makato yanafundisha watu kuficha. Nimeona kwa macho yangu, uzi wa kushikia nati kwenye sampo ya alumini umechanika kwa kukazwa na mashine ya upepo, jamaa badala ya kusema anazungushia tepu nyeupe ya bomba la maji, anakaza kidogo kidogo, anafuta na tambara gari linatoka linang'aa. Angesema palepale ilikuwa kazi ya kutengeneza uzi upya, nusu siku. Kwa nini aseme wakati anajua mwisho wa mwezi kitatokea nini?

Yule kijana wa Kibamba alikatwa miezi miwili akaacha kazi, deni likabaki kwenye makaratasi. Sasa hivi ana gereji yake chini ya mwembe, na wateja watatu ninaowafahamu wamehama kwetu wakamfuata.