Viza ya kazi ya kompyuta: si digrii tu, si uzoefu tu

Septemba 13, 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji mjini Berlin, Rais Ruto na Kansela Olaf Scholz wakiwapo. Habari ilifika Malindi ikiwa imeshaharibika njiani: ilivuma kwamba Ujerumani imefungua nafasi 250,000 kwa Wakenya. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha waziwazi, ikisema mkataba hautaji idadi yoyote, na kila mwombaji atapimwa kwa sheria zile zile za uhamiaji. Uvumi ukapoa, lakini swali lililoamshwa na uvumi huo bado liko barazani na katika kila saiba ya mji huu. Kijana anayejua kazi ya kompyuta lakini hana digrii, je, ana njia ya kwenda kufanya kazi nje kihalali?

Wanaosema ufundi unatosha wana hoja nzito. Kazi ya kompyuta hujionyesha yenyewe: programu ama inafanya kazi ama haifanyi. Na huku kwetu si kila mwenye kipaji amepata chuo. Kijana wa mitaa yetu ya Muyeye au Kisumu Ndogo anayetaka shahada hiyo ataifuata Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, au Mombasa, na karo na kodi ya chumba ndizo zinazoamua kabla ya alama za mtihani. Wakati huo huo kazi zipo hapa hapa. Mahoteli na nyumba za Waitaliano zinataka mtu wa mfumo wa kuhifadhi vyumba, wa tovuti, wa kamera na wa WiFi, na mtu hujifunza akiwa kazini. Serikali yenyewe, kupitia mpango wa Ajira Digital, imewafundisha vijana kutafuta kazi za mtandaoni bila kuwauliza digrii.

Sheria ya Ujerumani nayo inawaunga mkono kuliko wengi wanavyodhani. Tangu Machi 2024, mtu wa TEHAMA (teknolojia ya habari na mawasiliano) asiye na cheti chochote cha fani anaweza kupata viza akiwa na ofa ya kazi, uzoefu wa angalau miaka miwili ndani ya miaka mitano iliyopita, na mshahara usiopungua kiwango kinachowekwa kila mwaka. Kwa 2025 kiwango hicho kilikuwa yuro 43,470. Kijerumani si sharti la viza hiyo. Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, kibali cha kuishi na kufanya kazi kwa wataalamu, ambayo zamani ilikuwa ya wenye digrii peke yao, Ujerumani iliifungua Novemba 2023 kwa watu wa TEHAMA wenye miaka mitatu ya uzoefu wa kiwango cha chuo kikuu ndani ya miaka saba.

Upande wa digrii nao haupaswi kubezwa. Tukitazama Marekani, viza ya H-1B, ile ya kazi za kitaalamu, hudai digrii ya fani au kitu kinacholingana nayo, na kanuni yake huhesabu miaka mitatu ya uzoefu kuwa sawa na mwaka mmoja wa chuo. Asiyekanyaga chuo kabisa, basi, anatakiwa kuonyesha miaka 12 ya kazi. Nafasi ni 85,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, 20,000 kati ya hizo zikiwa za wenye shahada za juu za vyuo vya Marekani, na Septemba 2025 iliwekwa ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya nchi hiyo. Kwa fundi wa Malindi asiye na digrii, mlango huo nauhesabu kuwa umefungwa, na ni dhuluma kumwambia vingine.

Hata Ujerumani kuna mtego. Chancenkarte, ile kadi ya fursa iliyoanza Juni 2024, humruhusu mtu kwenda kutafuta kazi kwa mwaka mmoja kabla ya kupata mwajiri. Vijana wengi huichanganya na ile viza ya uzoefu, wakaanza kujihesabia alama sita za umri, lugha na kazi walizofanya. Lakini kabla ya alama yoyote kuhesabiwa, mwombaji awe amehitimu chuo kikuu au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na nchi yake. Wa mikono mitupu hapiti, hata awe fundi wa namna gani. Mwenye diploma iliyotambuliwa ana njia nyingi kuliko asiye nayo, na anayemshauri kijana aache masomo kwa sababu "Ujerumani hawaulizi karatasi" anamharibia.

Kuna hoja inayopendwa sana Lamu na hapa: kwamba nahodha wa jahazi alisafiri na kusi hadi Arabuni na kurudi na kaskazi bila kuulizwa cheti. Ni kweli, lakini nahodha yule alijulikana kwa jina na kwa ukoo; mfanyabiashara aliyempa shehena alijua nani wa kumuuliza habari zake. Afisa wa viza hana wa kumuuliza. Tena mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa vyeti zaidi ya 2,000 vya watumishi wa umma hapa Kenya vilikuwa vya kughushi, kwa hiyo hata digrii yenyewe haiaminiwi tena kwa kutazamwa tu.

Hapo ndipo ninapoona mjadala wetu umekosa shabaha. Tunabishana digrii au uzoefu, na sheria ya Ujerumani imeshajibu kwamba uzoefu unakubalika. Kinachowaangusha vijana wetu ni uzoefu usio na ushahidi. Fikiria jinsi kazi ya kompyuta inavyofanywa Malindi. Kijana anaitwa hotelini, anatengeneza mfumo, analipwa taslimu au kwa M-Pesa ya msimamizi. Mkataba hakuna, hati ya mshahara hakuna, mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hakuna. Msimu wa mvua ukiingia hoteli inafungwa, naye anakaa miezi bila kazi. Mwenye hoteli akirudi Italia moja kwa moja, hakuna wa kuandika barua ya kuthibitisha. Mtu huyu amefanya kazi miaka mitano, lakini mbele ya ubalozi hana hata mwaka mmoja.

Walio kwenye kazi za mtandaoni wana hatari mbaya zaidi, ambayo haisemwi kwa sababu wengi wanaishiriki: kukodi akaunti ya mtu mwingine. Kazi ni yako, usiku ulikesha wewe, lakini jina lililo kwenye akaunti, tathmini za wateja na rekodi ya malipo ni za mwenzako. Uzoefu wote huo umeandikwa kwa jina lake, na ukidai ni wako utakuwa umekiri kwamba uliwadanganya wateja. Pesa ya leo ni tamu, naelewa, hasa nyumba ikiwa inakutegemea. Lakini ni miaka inayopotea, na hairudi.

Wengine hulalamikia kile kiwango cha mshahara cha Ujerumani kuwa ukuta. Kwa kweli kinawanyima nafasi wale ambao wangeajiriwa na kampuni ndogo. Hata hivyo nakitetea. Bila kiwango, fundi wa Pwani angechukuliwa kwa sababu ni rahisi, angeshusha malipo ya wenyeji na kuchukiwa kwa hilo, na asingekuwa na sauti.

Linaloniuma zaidi ni Afrika Mashariki. Marekani ina viza iitwayo TN kwa wataalamu wa Kanada na Meksiko, iliyozaliwa na mkataba wa biashara wa nchi hizo tatu wa 1994 na kuendelea katika mkataba mpya wa 2020. Mchanganuzi wa mifumo ya kompyuta kutoka Kanada anakubaliwa kwa digrii, au kwa diploma na miaka mitatu ya uzoefu, na anaweza kuomba pale pale mpakani. Mkenya hahusiki na viza hiyo, ila inaonyesha majirani wanaweza kukubaliana nini. Itifaki yetu ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza Julai 2010. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wakapata mikataba ya kutambuana sifa. Watu wa kompyuta hawakuwa miongoni mwao.

Sababu moja ni kwamba hapa nyumbani hakuna anayewathibitisha. Mswada wa kuwasajili na kuwapa leseni wataalamu wa TEHAMA ulipita bungeni mwaka 2022, Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia saini. Nafikiri alifanya sawa, kwani leseni ya lazima ingewafungia nje hao hao waliojifunzia kazini. Lakini nafasi ile imebaki wazi. Chombo kinachoweza kuijaza kipo: Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, KNQA, ambayo kazi zake ni pamoja na kusimamia utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Serikali ya Kaunti ya Kilifi ingeweza kushirikiana nayo ili mafundi wa Malindi wapimwe wakiwa huku huku, bila nauli ya Nairobi. Na wenye mahoteli waanze msimu ujao kwa kuwaandikia vijana hawa mkataba wenye tarehe, majina ya kazi na saini, na kuwalipa kwa njia inayoacha rekodi.