Mafungo ya wikendi: machozi ya Jumamosi si kipimo cha uponyaji

Nikiulizwa kama mafungo ya wikendi, yaani siku chache za kujitenga kwa sala na tafakari, yanaponya kweli majeraha ya moyo, najibu ndiyo, ila si pale ambapo wengi wanapatazama. Wengi wanatazama Jumamosi usiku: ukumbi mzima unalia, watu wanakumbatiana na wasiowajua, mwezeshaji anatangaza kwamba vifungo vimekatika. Mimi nataka kujua habari za Jumatano inayofuata. Yule aliyefunguka ana nani wa kuzungumza naye? Waandaaji wasio na jibu la swali hilo hawana haki ya kumgusa mtu donda lake, hata nia yao iwe safi kiasi gani.

Nasema hivi kwa sababu nayapenda mafungo. Nimekwenda ya kimya, nimekwenda ya kushirikishana, na nitaendelea kwenda. Yanatupa kitu ambacho siku za kawaida hazitupi: saa nyingi mfululizo bila simu na bila mtu anayekusubiri umfanyie jambo. Mwanzoni akili inarukaruka, unakumbuka deni, unakumbuka ujumbe ambao hukuujibu. Kufikia jioni kelele zinapungua, na lile ulilokuwa ukilikimbia kwa shughuli linajitokeza lenyewe. Mtu aliyefiwa na kurudi kazini wiki ile ile anajikuta, kwa mara ya kwanza, anaulilia msiba wake. Hapo hakuna haja ya kumsukuma. Mwache alie.

Shida inaanza ratiba inapotaka wote walie kwa wakati mmoja.

Katika kipindi kimoja cha msamaha tuligawiwa vikaratasi. Kila mmoja aandike jina la aliyemuumiza, akitumbukize kikapuni mbele ya ukumbi, kisha vyote vichomwe moto. Aliyeketi kando yangu, mama wa makamo, alishika kalamu asiandike. Kikaratasi kilianza kulowa jasho la vidole vyake. Mwezeshaji akapita, akatabasamu. Akapita tena, safari hii akainama: “Mama, andika tu. Usipoachilia leo, mzigo wako utarudi nao nyumbani.” Akaandika. Alipofika kwenye kapu watu wakampigia makofi. Baadaye, tulipokuwa tumesimama nje, aliniambia kwa sauti ya chini kuwa ameandika jina la kubuni. Aliyemuumiza anaishi naye nyumba moja, na bado anamuumiza. (Nasimulia haya kwa ruhusa yake.)

Mama yule ndiye aliyekuwa na busara kuliko wote ukumbini. Msamaha ni jambo kubwa na mimi nauamini, lakini mtu aliyepigwa juzi na anayejua atapigwa tena anahitaji kwanza mahali pa usalama, na mtu wa kumsaidia kufika huko. Kumwambia asamehe kabla ya hapo ni kumrudisha kwa anayempiga akiwa na lawama mpya juu yake, kwamba hata kusamehe kumemshinda.

Na mwezeshaji hakujua lolote. Hili si la mafungo yale peke yake. Mwaka 1971 watafiti Irvin Yalom na Morton Lieberman walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi 209 wa chuo kikuu walioingia katika vikundi 18 vya kufunguliana mioyo, aina ya vikundi vilivyokuwa vimevuma sana Marekani miaka hiyo. Waliofika mwisho walikuwa 170, na kati yao 16 walionekana kupata madhara yaliyodumu. Kuna mambo mawili hapo ambayo kila mwandaaji wa mafungo angepaswa kuyajua. La kwanza, hatari ilikuwa kubwa zaidi chini ya viongozi wenye mvuto mkubwa, wanaomkazia mtu mmoja mmoja na kumchokonoa mbele ya wenzake. La pili, waliofahamu vizuri nani ameumia walikuwa wanakikundi wenzake. Viongozi wenyewe walikuwa watu wa mwisho wa kuulizwa. Waliokuja wakitarajia kugeuka watu wapya kabisa nao walikuwa miongoni mwa waliokuwa hatarini zaidi, na hicho hasa ndicho matangazo mengi ya mafungo yanachowaahidi watu.

Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia, linasisitiza kwamba aliyepatwa na tukio zito asishinikizwe kusimulia yaliyomkuta. Asikilizwe akitaka kusema. Akinyamaza, mtu akae naye hivyo hivyo.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya wataalamu, roho ina njia zake. Basi tuwasikilize wazee wa mafungo wenyewe. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, ambaye mazoezi yake ya kiroho yaliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, alimwelekeza anayeyaongoza asimvutie mtu upande wowote, akae katikati kama mizani, amwache Muumba ashughulike mwenyewe na kiumbe chake. Tena alionya kwamba mtu akionekana amejaa faraja na moto wa kiroho, azuiwe kuweka ahadi au nadhiri ya haraka. Hapo ndipo alipoacha tofauti kubwa kati yake na wengi wetu. Sisi tunasubiri moto uwake, ndipo tunapoitisha maamuzi: nani anaacha ndoa, nani anaacha kazi, nani anarudiana na nani. Mazoezi yake kamili yanachukua takribani siku 30. Kwa wasioweza kuacha shughuli zao alipendekeza saa moja na nusu kila siku, mtu akiwa katika maisha yake ya kawaida. Si lazima uwe Mkatoliki kuona hekima ya mtu asiye na haraka na moyo wa mwenzake.

Hali ya mtu siku ya Jumapili mchana inadanganya kotekote. James Pennebaker na Sandra Beall, katika utafiti wao wa mwaka 1986, waliwapa wanafunzi dakika 15 kwa siku nne mfululizo waandike kuhusu tukio lililowaumiza. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walimaliza wakiwa na huzuni zaidi, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida tu. Kwa hiyo anayeondoka kwenye mafungo akiwa mzito asiambiwe hakupokea, wala anayeondoka akicheka asitolewe ushuhuda kabla basi halijaondoka.

Kabla ya kujiandikisha, uliza nani anaongoza na amesomea nini. Uliza kama kuna mshauri nasaha, na kama unaruhusiwa kukaa kimya kipindi kizima bila kufuatwafuatwa. Jibu la swali hilo la mwisho linaniambia mengi kuliko kipeperushi chote. Mwenye sonona kali, au anayewaza kujiua, aonane kwanza na mtaalamu wa afya ya akili, mafungo yaje baadaye. Na mahali popote unapoambiwa uache dawa ulizoandikiwa na daktari kwa kuwa umeombewa, chukua mkoba wako uondoke siku hiyo hiyo.

Mafungo yaliyonisaidia kuliko mengine yote hayakuwa na usiku wa kulia. Jumamosi ilikuwa ya kimya na kutembea. Jumapili karibu yote ilitumika kutuandaa kurudi: mwezeshaji alikutana na kila mmoja peke yake, na waliohitaji ushauri waliondoka wakiwa na miadi tayari. Baada ya majuma machache tulipigiwa simu. Waandaaji huniambia hawana watu wa kutosha kwa kazi hiyo. Wapunguze idadi ya washiriki. Kama wana uwezo wa kuwafuatilia ishirini, wasipokee mia.